Mashine Iliyonuka Shombo

Mume wangu wa kwanza alikuwa fundi umeme katika mgodi wa almasi, upande wa Shinyanga, na mpaka leo nikisikia mwanamke anajisifu kwamba ameolewa na fundi, nanyamaza tu. Wangu alikuwa na ufundi wa kuifungua redio ikiwa nzima, kuifunga ikiwa mbovu, na baada ya hapo kuilaumu stesheni. Pasi ya jirani ilimrusha ukutani naye akasema ndivyo inavyopimwa. Wanaume wa aina ile hawakosei. Vitu ndivyo vinavyowakosea.

Kwao ilikuwa Geita, karibu na Katoro, zama hizo Katoro ni vibanda vichache na vumbi la barabara. Baba yake aliwahi kufanya kazi katika mgodi wa dhahabu, na mgodi ulipofungwa kijana akavuka ghuba ya ziwa kwa kivuko akaja kutafuta maisha kwenye almasi, mkononi bisibisi, mdomoni maneno. Mimi ni mtoto wa Kagongwa. Baba yangu alikuwa na duka la khanga na chumvi, mtu wa Tabora ambaye babu zake walitoka pwani, na mama yangu alikuwa Msumbwa. Yule bwana alislimu ili anioe, na nimpe haki yake, alislimu bila kulalamika. Malalamiko aliyaweka akiba, akaja kuyatumia kwangu.

Tulipewa nyumba katika kota za mgodi. Ilikuwa na umeme, ilikuwa na bomba ndani, na kwa mtu aliyezoea kuchota maji kisimani hiyo ni pepo. Ningeweza kukaa pale nikazeeka salama. Lakini katikati ya miaka ya sabini Wazungu wengi wa mgodini walikuwa wanafunga mizigo, na kila aliyeondoka aliacha kitu. Mmoja aliacha mbwa, mwingine aliacha piano ambayo mchwa waliimaliza. Bosi wa mume wangu aliacha mashine ya kuoshea vyombo, akampa yeye.

Ililetwa kwa mkokoteni, watu wanaisindikiza. Lilikuwa sanduku jeupe la bati, kimo chake kinafika kiunoni, mlango unafunguka kwa mbele na kulala chini, na ndani mna rafu za waya za kupangia sahani na vikombe. Unafunga mlango, unawasha, maji yanapashwa moto na kurushwa huku na huku, lenyewe linanguruma, na baadaye unatoa vyombo. Nusu ya kota ilikuja kuangalia. Mume wangu alisimama mlangoni na mikono nyuma.

"Kuanzia leo," akawaambia, "mke wangu haoshi vyombo. Kuosha vyombo kwa mkono ni mambo ya shamba."

Wanawake wakanitazama kwa kijicho. Nami, nisiseme uongo, nikajishaua kidogo siku zile za mwanzo. Mzungu alikuwa ameacha na unga wake wa kuoshea, unatiwa kijiko kimoja tu, na vyombo vilitoka vinang'aa na vya moto kiasi cha kuunguza vidole. Basi nikajua nimeolewa.

Unga ukaisha. Shinyanga nzima hapakuwa na mtu anayeujua, hata wenye maduka makubwa walikuwa wanauliza, "Unga wa sembe?" Mume wangu akasema hilo si tatizo, sabuni ni sabuni. Akachukua sabuni ya mche, akaikwangua kwa kisu kama nazi, akatia konzi nzima, akawasha. Povu lilianza kutoka pembeni mwa mlango, likaja jikoni, likapita miguuni petu, likatoka uani na kuku wakapanda juu ya kuni. Yeye alikuwa na ufagio mkononi anarudisha povu ndani.

"Hii ni dalili inafanya kazi," akasema.

Baada ya hapo sabuni ikapigwa marufuku. Tukaambiwa tutumie magadi, haya haya ya kulainishia maharage, na maji ya moto yatafanya mengine. Sasa sikilizeni tulikuwa tunakula nini. Tulikuwa tunakula ugali, mlenda, dagaa, furu wakavu wa ziwani, na nyama yenye mafuta hasa, maana nchi ile ni ya ng'ombe. Na mafuta yalikuwa samli. Yule Mzungu alikuwa anakula mkate na jemu. Hata ungekuwa na akili ya kuku ungejua kwamba sanduku lililozoea makombo ya mkate haliwezi kupewa furu na magadi likanyamaza.

Tena kulikuwa na la bomba. Bomba la kutolea maji machafu alilifunga yeye mwenyewe, na kwa kuwa hakutaka kutoboa ukuta wa nyumba ya mgodi, alilipandisha mpaka dirishani ndipo likateremka nje. Mashine ikisukuma maji, nusu yanatoka, nusu yanapanda yakichoka yanarudi. Nilipeleka mkono chini kabisa mle ndani siku moja, chini ya rafu, nikatoka na miiba ya samaki, uzi wa mlenda na donge la samli ya tangu lini sijui. Nilitapika uani. Jioni nikamwambia, kwa adabu zangu zote, kwamba maji machafu yanarudi ndani.

"Umesomea umeme?" akaniuliza.

"Sikusomea umeme. Lakini nina pua."

Akacheka, akawasimulia wenzake kazini kwamba mke wake anatengeneza mitambo kwa pua. Nilisikia nilipokwenda dukani.

Lazima nieleze jambo la kikombe, kwa sababu wengine wamelelewa ovyo na hawatanielewa. Kwetu kikombe cha maji hakilali karai moja na chombo kilichoshika samaki au yai. Kikilala nacho, kinanuka shombo, na shombo haionekani kwa macho, mpaka mgeni apeleke kikombe mdomoni. Mgeni mwenye adabu hasemi kitu. Anagusisha midomo, anaweka kikombe chini, anasema ameshiba maji, na akifika kwake nyumba yako inakuwa imekwisha. Mama yangu alikuwa somo wa mabinti Kagongwa, yaani mtu akitaka kuoza binti yake anampeleka kwa mama akafundwe mambo ya nyumba na mume. Kabla ya yote hayo makubwa wanayoyanong'ona, mama alianza na kikombe. Alimpa binti kikombe kitupu akamwambia anuse. Mimi nilinusa vikombe kabla sijajua kuhesabu.

Sasa nifikirieni mtoto wa mama yule, katika nyumba ile. Kila kikombe kilichotoka kwenye sanduku kilikuwa kinanuka furu, samli iliyochacha na kitambaa kibichi kilichosahauliwa. Joto la Shinyanga mnalijua. Asubuhi nikifungua mlango wa jiko, ile harufu ilikuwa imekaa inaningoja. Nilianza kuiita mke mwenzangu, kwa sababu ilikuwa imeingia ndani bila kuniuliza, mume anaisifu kwa watu, na kazi zake zote nafanya mimi.

Nilijaribu kila kitu. Nilikamulia ndimu gunia zima. Nilitia mkaa usiku, nikatia majivu, nikasugua rafu moja moja kwa kitambaa mpaka kucha zikaisha. Mwisho nikachukua chetezo, nikatia ubani na udi, nikakiweka ndani na kufunga mlango. Shombo haikutoka. Ilikaa pale pale na ubani ukaja juu yake, na chai tuliyokunywa jioni ile ilikuwa chai ya matanga. Mume wangu aliingia akanusa, akauliza nani amekufa.

Basi nikaanza kuosha vikombe kwa mkono, nyuma ya nyumba, kwa siri, mtu mzima naiba kazi yangu mwenyewe. Nilikuwa na karai, majivu, mchanga laini na makumbi ya nazi niliyotumiwa na shangazi kutoka pwani. Akanifuma. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Alilichukua karai akampelekea jirani aliyekuwa anafuga bata.

"Unaniaibisha," akasema. "Watu watasema mashine haifanyi kazi."

"Haifanyi kazi."

"Mashine inafanya kazi. Wewe ndiye hufanyi."

Mwanamume suruali, hilo ndilo jina lake, na nilikuwa nalijua tangu siku ile, ila nilikuwa bado kijana na nilidhani mwanamke anaweza kumvumilia mtu akabadilika.

Ndipo mama yake akaja kukaa nasi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa ng'ombe hasa, Kiswahili chake cha shida, kwa hiyo alizungumza Kisukuma na mimi nilimwelewa vizuri tu. Alikuja na samli, mfuko wa michembe, yale matembele makavu ya viazi vitamu, na kibuyu cha maziwa. Nilimwamkia shikamoo kwa kupiga goti, akaitikia, nikamletea maji. Aliinua kikombe. Alinusa. Aliweka chini.

"Ng'wanone," akaniambia, yaani mwanangu, "kikombe hiki kimelala wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamtazama mwanawe aseme. Akasema, "Mayu, hiyo ni harufu ya vitu vya kisasa, utaizoea." Mama yake alimtazama kama anayetazama ndama aliyezaliwa na kasoro, akageuka akanitazama mimi pia vile vile, na kuanzia siku hiyo akawa anakunywa kwa kata ya kibuyu aliyokuja nayo.

Tulibezana sana mimi na yule mama, sifichi. Yeye aliniona mvivu anayeoshewa vyombo na bati. Mimi nilimwona mshamba mwenye nyodo. Alikaa jikoni kutwa nzima akiikodolea mashine macho, na siku moja akanieleza namna kwao wanavyotunza kibuyu cha maziwa. Wanakisuuza kwa mkojo wa ng'ombe, wanaacha ufanye kazi, wanakisuuza tena kwa maji, halafu wanatia kijinga cha moto ndani wanakitikisa mpaka moshi ushike. Uvundo wote unakufa. Wala sicheki, maana maziwa ya kibuyu chake nimeyanywa na hayakuwa na mfano. Nilimsikiliza, nikamwitikia, nikaendelea kuchambua mchele. Sikuwaza lolote.

Ikaja Idi. Mume wangu alikuwa anataka kupandishwa awe msimamizi pale karakana, kwa hiyo Idi haikuwa tena ya Mungu, ikawa ya mkuu wa karakana. Alimwalika yeye na mkewe na mafundi wenzake na majirani wa maana. Alipanga viti mwenyewe, na alivipanga vyote vitazame mlango wa jikoni, ili mashine ionekane. Mimi niliamka alfajiri nikatoka uani kwenye moto wa pilau, na huko ndiko nilikokuwa mpaka jua limepanda, natoa jasho na macho mekundu kwa moshi.

Pilau ilikwenda vizuri. Masinia nilikuwa nimeyaosha mimi kwa mikono yangu kwa jirani wa bata. Watu walikula wakanawa, wakasifu. Mkuu wa karakana alilegeza kanzu. Ikafika zamu ya chai, na bwana fundi akasimama katikati ya sebule.

"Msiwe na haraka," akasema. "Vikombe vinatoka kwenye mashine sasa hivi, vya moto."

Mashine ilikuwa inanguruma. Ikanyamaza. Akaenda akafungua mlango kwa madaha, na mvuke ukatoka.

Mtu aliyekulia nchi ya ng'ombe hakosei mkojo wa ng'ombe. Ila ule wa zizini ni wa baridi, umekaa na udongo wake. Huu ulikuwa umechemshwa pamoja na furu na samli, ukaja sebuleni kama mgeni mwingine, akakaa juu ya kila mtu. Mkuu wa karakana aliziba pua kwa mkono wa kanzu. Mkewe alisema, "Jamani," taratibu tu, na hilo lilikuwa baya kuliko angepiga ukelele. Niligeuka nikamtazama mama mkwe. Alikuwa ameketi juu ya mkeka karibu na mlango, anatazama magoti yake.

Mnajua alichofanya mume wangu? Alivitoa vikombe vile, akavipanga kwenye trei, akamimina chai na kugawa. Kwa mkono wake. Wageni wakagusisha midomo kwa adabu zao, wakaweka chini, sinia zima la vikombe vilivyojaa chai isiyonywewa. Hapo mkuu wa karakana akauliza, kwa upole, "Kwani humu ndani kuna nini?"

Nilikuwa nimeshaelewa kilichotokea. Lakini mkwe hamwaniki mkwewe mbele ya watu, hata wakikuchinja. Na mwanamke mzee mgeni hasimami kwenye baraza la wanaume akaanza kueleza habari za mkojo. Alikuwapo mtu mmoja tu wa kulisema lile neno, mwenye nyumba, mwana wa huyu na mume wa huyu. Angeweza hata kulifanya kichekesho. Angesema mama yangu ametaka kunisaidia, mambo ya kwetu hayo, watu wangecheka mpaka machozi na mambo yangeishia pale. Nilimtazama nikiwa nimeshika birika.

"Mniwie radhi," akasema. "Mke wangu ni mchafu. Nimempa mpaka mashine, bado ananishinda."

Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo na nimetukanwa na wengi, maana mdomo wangu si mzuri. Hakuna neno lililoniingia kama lile. Mchafu. Mwambie mwanamke wa kwetu mwizi, atakujibu. Mwambie mchawi, atakucheka. Ukimwambia mchafu umeshika jina la mama yake aliyemlea na la bibi yake, na umewaambia wanawake wote waliopo wasile tena kwake. Wageni waliondoka mapema. Mke wa mkuu wa karakana alinipa mkono, na aliposhika barabara nikamwona anaufuta kwenye khanga.

Usiku ule mama mkwe alikwenda kulala bila kunieleza lolote. Nilimchukia kuliko mwanawe, nikidhani amejificha nyuma ya heshima ya uzee.

Kota ni kota. Kufikia Ijumaa iliyofuata hata watoto wa bombani walikuwa wanajua nyumba ya mke mchafu ni ipi. Mume wangu alivumilia kidogo, akaona maneno hayaishi na cheo hakiji, akapata akili mpya. Akaniambia nirudi kwetu nikafundwe upya. "Ukafundwe usafi," akasema, "nitakufuata." Alinipeleka stesheni ya Shinyanga mwenyewe, amebeba kifurushi changu, anasalimiana na watu njiani kwa uchangamfu. Nikapanda treni mpaka Isaka, na kutoka hapo lori la pamba likanifikisha Kagongwa.

Mwanamke akirudishwa kwa wizi au kwa ugomvi, aibu ni yake. Akirudishwa kwa uchafu, aibu ni ya aliyemfunda, na aliyenifunda ni mama yangu, somo wa Kagongwa yote. Habari ilifika kabla ya treni, sijui ilipanda nini. Palikuwa na binti mmoja wa jirani aliyekuwa aletwe kwa mama mwezi ule kufundwa kwa ajili ya ndoa yake. Wazazi wake wakampeleka kwa mwanamke mwingine, tena walipita mbele ya mlango wetu. Mama hakuniuliza lolote. Nilimweleza yote mwenyewe, habari za bomba na magadi na mkojo, akasema, "Nimekuelewa, mwanangu, lakini nitamwambia nani?" Kila asubuhi akawa anatoa vikombe vyetu vyote, hata visafi, anaketi navyo kibarazani na kuviosha mbele ya njia, polepole, watu wakipita wanaona. Nilikuwa namtazama kwa ndani mpaka moyo unauma. Mwanamke wa umri ule, ambaye nusu ya ndoa za mji zilipita mikononi mwake, anatoa ushahidi kwa wapita njia.

Mume wangu alikuja baada ya mvua za kwanza. Alivaa shati jipya. Alikuja na mama yake, jambo lililonishangaza, kwa sababu nilijua yule mama alikuwa amekwisharudi kwake Geita. Baba aliwakaribisha sebuleni, mama akaketi, mimi nikaagizwa maji. Nikaleta vikombe viwili. Mama mkwe hakunusa. Alikunywa maji yote mpaka tone la mwisho, akaweka kikombe kitupu mbele ya mama yangu, mahali anapoweza kukiona.

Mume wangu naye alikunywa. Akanitazama, akatabasamu.

"Naona ameanza kujifunza," akasema.

Baba yangu alikuwa mtu mpole mno. Akamuuliza amefuata nini, naye akajibu kwamba amekuja kumchukua mke wake, mambo yenyewe yalikuwa madogo, usafi tu, na bila shaka mama ameshamnyoosha. Mama yangu aliinamisha kichwa. Hapo ndipo mama mkwe alipoanza kusema, kwa Kisukuma, polepole, akimtazama baba.

"Mkojo wa ng'ombe niliutia mimi," akasema. "Niliona lile bati linanuka, mkwe wangu anahangaika nalo na ndimu zake, nikasema nilisafishe kama tunavyosafisha kibuyu. Nilitia alfajiri ile ya sikukuu. Nilipomaliza nilimwamsha mwanangu, nikamwambia nimetia, usiliwashe mpaka nilisuuze na kulitia moshi. Akasema sawa, mayu. Nilipotoka kwenda kutafuta kijinga, akapanga vikombe akalifunga, kwa sababu wageni wake walikuwa karibu kufika, na watu walipokuwa wanakula akaliwasha."

Mimi nilikuwa nimesimama na trei. Nilikuwa najua kuhusu mkojo. Kwamba aliambiwa alfajiri, hilo nililisikia hapo.

"Wageni walipoondoka nilimwambia, kesho uende kwa kila mmoja ukaseme. Akasema ataenda. Nimerudi kwangu, nimengoja kusikia amekwenda. Nikasikia amemrudisha mtoto wa watu. Mimi ndiye niliyemwambia twende wote leo. Nilidhani akifika hapa atasema mwenyewe, ndiyo maana nilimwacha aanze."

Baba akamgeukia mume wangu. "Ulijua?"

Mume wangu alikuwa anavuta mikono ya shati lake jipya. "Baba, wale walikuwa watu wakubwa. Ningesemaje, mama yangu ametia mkojo kwenye mashine? Na mashine yenyewe watu walikuwa ndiyo kwanza wanaizoea."

"Na mke wako je?"

"Mke ni mtu wa ndani, baba. Ya ndani yanazungumzika." Akanigeukia, na nawaapia alikuwa amefurahi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi. "Isitoshe nimeshamnunulia vikombe vipya. Viko nyumbani, vina maua."

Mama mkwe alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Halafu akaniita nikae karibu naye kwenye mkeka alioketi, akanishika mkono huu wa kulia.

"Ng'wanone," akasema, "mimi nimemzaa, sina pa kwenda. Ningekuwa wewe, nisingerudi."

Sikurudi.